"Ana sukari": neno moja, hatari mbili

Jumatatu moja asubuhi, miaka michache iliyopita, niliabiri matatu mjini Ruiru kuelekea Nairobi. Nyumbani Gatongora nilikuwa nimejidunga insulini ya asubuhi kama kawaida. Chai na nduma niliviacha mezani, kwa kuwa kijana wa bodaboda alikuwa langoni akipiga honi nami nilikuwa na kikao saa mbili. Nilijiambia, nitakula nikifika. Barabara ya Thika ikawa na mambo yake. Tulipokaribia Chuo Kikuu cha Kenyatta, magari yalisimama tuli.

Kijasho chembamba kilianza kunitoka. Mikono ikatetemeka, na maneno yakawa mazito kinywani. Hapo makanga akapaaza sauti: "Sukari! Kuna wa kushuka Sukari?" Wenyeji wa upande wetu wanajua alimaanisha Kahawa Sukari, mtaa wa jirani. Mimi, kwa jinsi akili ilivyokuwa imeanza kuniruka, nilidhani ananisema mimi. Sukari ilikuwa inashuka kweli, ila si kwenye stej.

Abiria aliyeketi karibu nami alinitazama, akamwambia mwenzake, "Huyu mzee amelewa saa hizi?" Mwingine, mwenye huruma zaidi, akaninyoshea chupa ya soda. Nikajikakamua nikasema maneno mawili niliyoweza kuyapata: "Nina sukari." Mama mmoja nyuma yangu akaruka: "Wee, toa hiyo soda! Si amesema ako na sukari? Unataka kumuua?" Soda ikarudishwa mkobani.

Aliyeniokoa ni msichana wa sekondari aliyekuwa amevaa sare. Alinisogelea akaniuliza maswali mawili tu: "Guka, umejidunga leo? Umekula?" Nilitikisa kichwa mara mbili, kwa namna mbili tofauti. Akaichukua ile soda mwenyewe, akanishikia ninywe. Baada ya robo saa nilikuwa nimerudi duniani. Alinieleza kwamba kaka yake anatumia insulini tangu akiwa darasa la nne.

Mama yule hakuwa na kosa. Alikijua Kiswahili vizuri na alikifuata neno kwa neno. Kosa lilikuwa katika sentensi niliyompa. Nimefundisha isimu kwa zaidi ya miaka thelathini, lakini siku hiyo ndipo nilipotambua kuwa sentensi sahihi kabisa kisarufi inaweza kumponza mtu. Katika makala haya ninanuia kuonyesha namna tunavyolizungumzia gonjwa hili, mahali ambapo maneno yetu yanatusaidia, na mahali ambapo yanatuacha njiani.

Jina na asili yake

Kiswahili huyamiliki maradhi kwa kitenzi cha "kuwa na". Mtu ana homa, ana malaria, ana kifafa. Muundo huo hautatizi pale ambapo nomino inayofuata ni ugonjwa. Asiyeugua malaria hana malaria. Lakini "ana sukari" na "ana presha" ni sentensi za namna nyingine. Kila mtu aliye hai ana presha, na kila mtu aliye hai ana sukari katika damu. Damu yote ya mtu mzima mwenye afya huwa na takriban gramu 4 au 5 za glukosi, yaani kijiko kimoja cha chai. Kijiko hicho kikipungua sana, ubongo hukosa chakula na mtu huzimia. Kikizidi kwa miaka mingi, macho, figo, neva na mishipa ya damu huharibika. Kwa hiyo tatizo si kuwa na sukari bali ni kushindwa kuidhibiti. Tunaposema "ana sukari" tunataja upande mmoja wa mizani, na msikilizaji hujaza uliobaki: imezidi, basi mnyime.

Neno sanifu, kisukari, lina afadhali. Kiambishi ki- kimejaa katika majina ya maradhi na hali za mwili: kifafa, kifaduro, kichocho, kisonono, kiharusi, kichomi, kizunguzungu. Anayesikia "kisukari" hutambua mara moja kwamba ni ugonjwa wala si kitu cha kutiwa ndani ya chai. (Ingawa ukiwa Tanzania ukaagiza kisukari sokoni, huenda ukapewa ndizi ndogo tamu.) Hata hivyo, mzizi ni uleule, na Wakikuyu tunaoishi nao hapa Gatongora wamefuata njia hiyohiyo kwa kusema "mũrimũ wa cukari".

Tusijilaumu sana. Karibu dunia nzima imeuita ugonjwa huu kwa dalili yake. Wagiriki wa kale waliona mgonjwa akinywa maji na kuyatoa papo hapo kama bomba, wakaunda neno "diabetes" kutokana na kitenzi cha kupita katikati ya kitu. Tabibu Aretaios wa Kapadokia, takriban karne ya pili, alieleza mwili unavyoonekana kuyeyuka na kutoka kwa mkojo. Matabibu wa Bara Hindi waliuita "madhumeha", mkojo wa asali. Katika karne ya 17, Mwingereza Thomas Willis aliandika kuhusu utamu wa mkojo wa wagonjwa, na neno la Kilatini "mellitus", lenye maana ya kutiwa asali, likaja kuambatanishwa na lile la Kigiriki. Neno letu "sukari" nalo limetufikia kupitia Kiarabu, ambacho kililipokea kupitia Kiajemi, na asili yake ni Kisanskriti. Wote hao walitaja walichokiona kikitoka. Hakuna aliyetaja kilichoharibika ndani, kwa sababu hakuna aliyekijua.

Kilichoharibika ndani

Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kiitwacho kongosho. Mwaka 1869, mwanafunzi Mjerumani Paul Langerhans aliona kwa hadubini vikundi vidogo vya seli vilivyotawanyika ndani ya kongosho kama visiwa baharini. Mwaka 1889, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimwondoa mbwa kongosho, naye akapatwa na kisukari. Ikabainika kwamba kongosho lina kitu kinachoitawala sukari. Mwaka 1909, Mbelgiji Jean de Meyer alikipa kitu hicho jina kutokana na neno la Kilatini "insula", yaani kisiwa. Wanalugha wafurahie: jina insulini lilitangulia, na dutu yenyewe ikapatikana miaka kadhaa baadaye. Huko Toronto, Kanada, mwaka 1921, Frederick Banting na Charles Best, katika maabara ya J.J.R. Macleod, waliikamua kutoka kwa kongosho za wanyama, na James Collip akasaidia kuisafisha. Januari 1922, mvulana wa miaka 14 aliyeitwa Leonard Thompson akawa mgonjwa wa kwanza kudungwa. Kabla ya hapo, mtoto wa hali yake hakuwa na matumaini yoyote. Siku ya Kisukari Duniani huadhimishwa Novemba 14, siku aliyozaliwa Banting.

Insulini ndiyo inayoiruhusu sukari iliyo katika damu iingie ndani ya seli iliwe. Wapo watu ambao kongosho lao linaitoa, lakini mwili umekuwa sugu na hauisikii vizuri. Hicho ndicho kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kilichoenea zaidi. Wapo wengine ambao kinga ya mwili, askari waliowekwa kuwapiga viini vya maradhi, huvigeukia vile visiwa vya Langerhans na kuziua seli zinazotengeneza insulini. Hicho ni kisukari cha aina ya kwanza. Wahenga walikuwa na usemi unaoeleza hali hii kuliko kitabu chochote cha tiba: kikulacho ki nguoni mwako.

Lugha ya mtaani haikungoja nambari hizi. Ilitengeneza majina yake: "sukari ya watoto" na "sukari ya uzee". Ni majina mepesi, na yanashika. Lakini yanagawa ugonjwa kwa umri wa mgonjwa, si kwa kiini chake. Mimi ni shahidi wa madhara ya mgawanyo huo.

"Mzee, unakula nini usiku?"

Nilipokuwa na umri wa miaka 58 nilianza kuamka usiku mara nne kwenda msalani, na kiu haikwisha. Nilipopimwa, nikaambiwa ni sukari ya uzee. Sikushangaa, mvi zilikuwepo. Nikapewa tembe na orodha ya vyakula. Niliacha sukari katika chai, nikapunguza ugali, nikatembea kila jioni. Kwa miezi minane hivi mambo yalikuwa shwari, kisha vipimo vikaanza kupanda. Tembe zikaongezwa. Vipimo vikapanda tena. Nikakonda. Wenzangu chuoni wakanisifu kwamba nimejitunza mwili. Nyumbani mke wangu alinitazama akanyamaza.

Kila nilipokwenda kliniki, swali lilikuwa moja: "Mzee, unakula nini usiku?" Msomaji, nakuomba ulitazame swali hilo. Halikuulizia kama ninakula usiku. Lilichukulia kuwa ninakula. Wanaisimu huita hiyo dhana tangulizi. Iko ndani ya swali, na ukijibu vyovyote vile umeshaikubali. Nilianza kuandika kila tonge nililokula ili nijitetee. Baadaye nilianza kujitilia shaka mwenyewe: labda ninakula bila kujua? Ikiwa ugonjwa unaitwa sukari, na sukari imepanda, basi kosa ni la mlaji. Jina lilikuwa limeshatoa hukumu.

Mwaka wa tatu, daktari kijana katika kituo kingine aliniuliza jambo jipya: "Katika familia yenu kuna mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo?" Nikamwambia dada yangu anao. Akaniomba nipimwe damu kwa vipimo viwili. Cha kwanza hutafuta kingamwili zinazoishambulia protini iitwayo GAD, iliyomo ndani ya zile seli za visiwani. Cha pili, kiitwacho C-peptidi, huonyesha ni kiasi gani cha insulini ambacho kongosho bado linaweza kutoa. Kingamwili zilikuwepo kwa wingi, na insulini yangu ilikuwa imebaki kidogo. Sikuwa na sukari ya uzee. Kinga yangu ilikuwa ikinila taratibu, miaka yote ile niliyokuwa nikihesabu matonge.

Hali hii ndiyo wataalamu huita LADA, jina lililoanza kutumika katika miaka ya 1990. Humpata mtu mzima, aghalabu baada ya umri wa miaka 30. Kingamwili zipo kama katika aina ya kwanza, lakini uharibifu huenda polepole, hivi kwamba kwa miezi sita ya mwanzo au zaidi mgonjwa anaweza kuishi bila insulini na kuonekana kama wa aina ya pili. Si wengi, na wengi wa wanaougua kisukari ukubwani ni wa aina ya pili kwelikweli. Msomaji asikimbilie kutupa tembe zake. Lakini mtu akiwa amekonda, tembe zimeshindwa mapema, na katika ukoo kuna tezi au ugonjwa mwingine wa kinga kujishambulia, ana haki ya kumuuliza daktari wake kuhusu kipimo cha kingamwili. Kuchelewa kuna gharama. Seli zinazokufa hazirudi, na baadhi ya tembe zinazolisukuma kongosho litoe insulini zaidi hazipendekezwi kwa mgonjwa wa hali hii.

Tuuite nini kwa Kiswahili?

Wapo wanaouita "aina ya moja na nusu". Katika lugha yetu tamko hilo lina kasoro. Tunasema aina ya kwanza na aina ya pili. Hizo ni nambari za mpangilio, na mpangilio hauna nusu. Huwezi kuwa mwanafunzi wa kwanza na nusu darasani. Isitoshe, ugonjwa wenyewe hauko katikati ya aina mbili. Kiini chake ni kile cha aina ya kwanza, na mwendo wake ndio tofauti.

Nilifikiria "kisukari nyemelezi", maana unanyemelea kama paka. Lakini tangu enzi za mapambano dhidi ya Ukimwi, istilahi "magonjwa nyemelezi" imekwisha kupewa kazi: ni yale yanayomvamia mtu ambaye kinga yake imedhoofika. Hapa kinga haijadhoofika, imekosea shabaha. Tukilitumia neno hilo tutawapotosha watu, na pengine kuwabebesha wagonjwa fununu wasizostahili. "Kisukari cha kinga" nacho ni kifupi, lakini kinasikika kana kwamba kisukari hicho kinatukinga.

Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wake wa mwaka 2019, limeelekea kwenye maelezo badala ya nambari: kisukari kinachosababishwa na kinga na kinachokua polepole. Nadhani hapo ndipo Kiswahili kina nguvu, kwa sababu kirejeshi chetu hubeba kitenzi kizima ndani ya neno moja. Napendekeza "kisukari cha kinga kujishambulia" kwa jamii nzima ya ugonjwa huu, na "kinachokwenda polepole" kwa tawi lake la watu wazima. Ni jina refu, nakubali. Lakini anayelisikia anajua kilichotokea na kasi yake, na hawezi kuniuliza ninakula nini usiku.

Sindano na hofu yake

Nilipoambiwa nianze insulini, jirani yangu mmoja alinijia na uso wa matanga. "Prof, wamekuweka kwa sindano?" Sikiliza kitenzi hicho. Mtu huwekwa kizuizini, huwekwa rumande. Wengine husema "amefika kwa sindano", kana kwamba ni kituo cha mwisho cha matatu. Na wapo wanaosema "usianze, utaizoea", kama inavyosemwa kuhusu pombe. Kwa sababu ya vitenzi hivi, nimewaona watu wakiificha dawa chini ya kitanda na kurudi kwa mitishamba, hadi siku waliyobebwa wakiwa hawajitambui. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Insulini haizoeshi mwili. Ni homoni ambayo kila mwili wenye afya huitengeneza kila saa. Asiyeitengeneza anarudishiwa iliyopotea. Kwa wa aina ya pili, huwa ni msaada unaoongezwa pale tembe zisipotosha. Kwa sisi wa kinga kujishambulia si hatua ya mwisho wala adhabu, ni kama maji. Hatuiachi hata siku ya homa ambayo hatuna hamu ya kula, kwa sababu mwili usio na insulini huunguza mafuta ovyo na kuijaza damu asidi, na hilo linaweza kuua kwa siku chache. Siku ya ugonjwa ni siku ya kupima mara nyingi zaidi na kumpigia daktari simu, si siku ya kupumzisha sindano.

Nilibadilisha kitenzi. Siku hizi husema "natumia insulini", kama vile mwingine asemavyo "natumia miwani". Na kifaa chenyewe nimekipenda, kwa kuwa kinaitwa kalamu. Nimeshika kalamu maisha yangu yote. Nimeongeza moja tu.

"Kabla ya kula" ni lini?

Kuishi na insulini ni kuishi na maagizo, na maagizo ni lugha. Chukua neno "kabla". Nyuma yake kuna muda, lakini haliutaji. Niliambiwa nidunge kabla ya kula, na Jumatatu ile ya matatu nilifanya hivyo hasa: nilidunga kabla ya kula, ila kula kwenyewe kulikuwa saa mbili mbele. Insulini ya mlo ya kisasa huanza kazi kwa takriban dakika 15. Ile ya zamani huhitaji kama nusu saa. Muuguzi anapaswa kutaja dakika, na mgonjwa anapaswa kuziulizia. Mimi nimejiwekea kanuni: sidungi ya mlo hadi chakula kiwe mbele ya macho yangu. Katika harusi zetu na matanga yetu, chakula kilichoahidiwa saa sita huweza kufika saa tisa.

Insulini zenyewe zinahitaji majina ya kazi zao. Ipo ya kutwa, inayofanya kazi polepole mchana na usiku, hata usipokula. Ipo ya mlo, inayokabiliana na chakula. Na ipo ya mchanganyiko, ambayo ni ya kawaida katika hospitali zetu, yenye sehemu 30 za haraka na 70 za polepole. Niliwahi kumsikia mzee mwenzangu akiuliza kwenye foleni kama 30/70 maana yake ni 30 asubuhi na 70 jioni. Watu walicheka. Mimi sikucheka, dozi kama hiyo ingemuua. Nambari za kwenye chupa hueleza kilichomo, na za kwenye kitabu cha kliniki hueleza kiasi cha kudunga. Vilevile, dozi huhesabiwa kwa yuniti, si kwa mililita. Insulini ya kawaida ina yuniti 100 katika mililita moja, na bomba lake lina alama zake. Usilibadilishe na bomba jingine.

Kuna mambo mengine madogo yanayoleta tofauti kubwa. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, wala isigande. Iliyofunguliwa huweza kukaa nje mahali penye baridi kiasi, mbali na jua, kwa takriban wiki nne, kutegemea aina yake. Stima ikipotea, au kwa asiye na friji, chungu cha udongo chenye unyevu hupunguza joto vizuri. Mtungi wa bibi haujastaafu. Mahali pa kudunga pahamishwe kila mara, tumboni kisha pajani, la sivyo hutokea manundu na dawa hainyonywi sawasawa. Na kipimo cha miezi mitatu, kinachotoa wastani wa sukari, kisichukuliwe kama ripoti ya tabia. Ni ramani tu ya tulikopita.

Nafikiri pia kuhusu methali yetu, mgonjwa haulizwi uji. Ilitungwa kwa wema, kwamba mpe mgonjwa bila kungoja aombe. Kwa mwenye kisukari methali hii imepinduka. Kikombe cha uji huongeza sukari haraka, na huenda kikahitaji insulini yake. Mgonjwa wa namna hii lazima aulizwe: umepima? umedunga? unahitaji kula sasa au baadaye? Wakati mwingine atakataa, na wakati mwingine atalilia sukari ile ambayo jana aliikataa. Si kigeugeu.

Narudi sasa kwenye matatu. Sukari iliyoshuka chini ya 4 kwa kipimo cha milimoli kwa lita ni ya dharura. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, njaa kali, hasira zisizo na sababu, kuchanganyikiwa. Mtu huonekana kama mlevi. Tiba yake ni kiasi cha gramu 15 za sukari: vijiko vitatu vya chai vilivyokorogwa ndani ya maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Baada ya dakika 15 apime tena. Ikiwa bado iko chini, arudie, kisha ale chakula.

Lugha ya kueleza hayo tayari tunayo. "Sukari imepanda" na "sukari imeshuka" ni sentensi za kawaida mitaani, tena ni bora kuliko "ana sukari", kwa sababu zina kitenzi kinachoonyesha upande. Msichana yule hakuniuliza nina nini. Aliniuliza nimefanya nini: umejidunga, umekula. Vitenzi viwili vilimpa jibu ambalo nomino yangu ililificha.

Kadi niliyopewa kliniki nibebe mfukoni ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, na siku ile hakuna aliyeitafuta. Nimejiandikia nyingine, kwa herufi kubwa, nayo naitundika shingoni pamoja na kitambulisho cha kazi: "Natumia insulini. Ukiniona nimechanganyikiwa, sukari yangu imeshuka: nipe soda au maji ya sukari ninywe. Nikiwa siwezi kumeza, usinitie kitu kinywani, nikimbize hospitalini." Nimeiandika kwa Kiswahili, kwa kuwa hicho ndicho wanachokisema watu ninaosafiri nao. Ikiwa nyumbani kwako yupo anayetumia insulini, mwandikie yake jioni hii, na umsomee yule mama wa viti vya nyuma aliye ndani ya kila mmoja wetu.